Siku Katoro Ilipolikimbiza Basi

Asubuhi ile mke wangu alinigombeza kwa ajili ya kamba. Alikuwa anatafuta kamba ya kufungia gunia la karanga, akaikuta kwenye baiskeli yangu, imefungia tairi kuukuu. Akasema, "Baba Wema, nyumba hii kitu kikipotea kiko kwenye baiskeli yako." Nikamfungulia kamba yake. Akanimiminia uji, akakaa kwenye kigoda na ungo mapajani, akaanza kuchambua karanga. Mbovu anawatupia kuku. Kuku walishamjua, walimzunguka wamenyamaza kama watu walio kanisani. Uji haukuwa na sukari ya kutosha. Sikusema. Nikamaliza, nikachukua baiskeli, nikaenda kazini. Sikugeuka kumtazama. Asubuhi kama hiyo mtu anageukia nini?

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano presha ilimpanda, akalazwa, na Jumapili tukamzika. Siku za katikati ninazikumbuka zote, lakini ninayoihesabu ni ile Jumanne, kwa sababu haikuwa na kitu.

Jina lake ni Scolastika. Hapa Katoro hakuna aliyemwita hivyo, walimwita Mama Wema. Wema ni mtoto wetu wa kwanza, anakaa Geita. Mimi kusoma sijui, yeye ndiye anayeandika haya, mimi nasema. Ameniomba nisimsifu mama yake kupita kiasi. Sitamsifu. Nataka tu kueleza habari ya chupa ya chai, maana watu wengi wanaisimulia kwa makosa, na mwenye kuwasahihisha hayupo tena.

Sisi kwetu ni upande wa Shinyanga, kijijini, pamba na ng'ombe. Mvua ilipotukatalia mwaka wa kwanza tulivumilia. Ilipotukatalia wa pili tukafunga mizigo. Watu walikuwa wanakimbilia huku kwa ajili ya dhahabu. Sisi hatukuja kwa dhahabu. Mama Wema alisema, "Mchimbaji anaweza kukosa dhahabu mwaka mzima, lakini njaa haikosi hata siku moja." Kwa hiyo yeye akauza chakula, na mimi nikatengeneza katambuga, viatu vya matairi. Shimoni kiatu kingine hakidumu.

Aliuza matobolwa. Asiyeyajua nitamwambia: ni viazi vitamu, vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi. Ukitafuna taratibu, utamu unakuja wenyewe. Ni chakula cha safari. Alifunga na karanga kwenye mfuko, akauza stendi, kwenye madirisha ya mabasi. Yeye alikuwa mfupi na dirisha la basi liko juu. Wenzake waliinua mabeseni kichwani, wanarukaruka. Yeye alikata fito, akaipasua ncha, akabana mfuko pale, akauinua mpaka kwenye pua ya abiria. Abiria akishaunusa ameshanunua. Baadaye wanawake wote wa stendi walikuwa na fito. Hakuwahi kusema kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Sasa nije kwenye sifa ya mji.

Ukitaja Katoro kwa mtu wa mbali, anashika mfuko wake. Siku moja nilikuwa Shinyanga mjini nasubiri gari, kijana aliyekaa karibu yangu akanisalimu vizuri, "Shikamoo mzee," nikamwitikia. Akauliza natoka wapi. Nikasema Katoro. Akahamishia begi lake upande wa pili. Mimi, mzee wa katambuga.

Sifa nyingine ni za kweli. Siwezi kusema uongo mbele ya mwanangu anayeandika. Watu wa machimbo wakipata wanakunywa, wakinywa wanapigana. Huko kwetu tulikotoka vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yameliwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe tu, kila mwanamke aliyepika maisha yake yote anayo. Hilo ni doa letu na haliwezi kuoshwa kwa maneno. Lakini sifa nyingine zimetengenezwa njiani, na moja ninajua ilivyotengenezwa, kwa sababu nilikuwepo. Zaidi ya kuwepo.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2021. Vumbi mpaka kwenye meno. Lilikuja basi la kijani kutoka Geita, linakwenda Kahama. Jina la kampuni silitaji. Dirishani alikaa mama mmoja kijana, mtoto mapajani, mtoto analia. Akamwita Mama Wema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Matobolwa?"

"Chai, bibi. Mtoto hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Naomba unijazie hapa."

Akamteremshia chupa ya chai, nyekundu, ina maua. Chai haikuwa biashara ya Mama Wema. Ilikuwa ya Bernadina, jirani yake wa meza ya pili. Angeweza kusema, muite yule. Hakusema. Aliweka fito chini, akapeleka chupa kwa Bernadina, ikajazwa. Alipogeuka, konda ameshapiga bodi mara mbili na basi linaondoka.

Yule mama dirishani akapiga kelele, "Chupa yangu! Bibi, chupa yangu!"

Mama Wema akakimbia. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Alikimbia na chupa kaikumbatia kama mtoto, kanga imefunguka, na basi linaongeza mwendo. Alipoona miguu imegoma akafanya kitu ambacho mwanamke yeyote wa Kisukuma angefanya. Akapiga mwano.

Mwano ni yowe la kuitana. Kwetu, mwano ukipigwa huulizi. Ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtoto ametumbukia kisimani, utajulia mbele ya safari. Kazi yako ni kutoka, na utoke na chochote kilicho mkononi. Anayesikia mwano akabaki amekaa, kesho yake wazee wanamtoza mbuzi, na wakati mwingine watu hawamsalimii mwezi mzima. Hakuna adhabu mbaya kama kutosalimiwa.

Basi Katoro ikatoka. Mji mzima, nasema kweli. Wauza nguo wakaacha nguo. Bodaboda wakawasha kwa pamoja, kama ishirini hivi. Magesa, muuza nyama, alikuwa anakata nyama ya mteja. Alitoka na kisu, na damu ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko. Hakukumbuka kukiweka chini. Mimi nilikuwa nagongelea misumari kwenye katambuga. Nikatoka na nyundo. Nikarukia bodaboda iliyokuwa inapita.

Nikamuuliza dereva, "Tunamkimbiza nani?"

"Sijui, mzee! Mwano umepigwa!"

"Kwa hiyo ni lile basi?"

"Kila mtu anafuata basi, mzee! Shika vizuri!"

Mbele kidogo ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Basi likapunguza mwendo, tukalifikia. Huko ndani niliona nyuso za watu zimebanwa kwenye vioo, macho yametoka. Nilidhani wameona tumefika kuwasaidia. Dereva hasimami. Nikasema nimgongee bodi asikie. Nikagonga. Nyundo ikaikuta taa ya nyuma, ikavunjika, vipande chini. Dereva akapiga honi, akapita katikati ya ng'ombe, akaenda zake.

Tukarudi. Mama Wema alikuwa amesimama palepale, chupa mkononi, na chai ilikuwa bado ya moto.

"Mmelisimamisha?"

"Halikusimama."

"Kwa nini?"

Tukaangaliana. Magesa akaangalia kisu chake kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

Kumbe ndani ya basi kuna mtu alikuwa na simu. Jioni ile ile video ilikuwa kila mahali. Wema akanipigia kutoka Geita. "Baba, mko salama? Wanasema majambazi wa Katoro wamevamia basi mchana kweupe! Kuna mmoja ana kisu kinachuruzika damu, na mwingine anavunja gari kwa nyundo!"

Nikamwambia tuko salama.

Kwenye video uso wangu hauonekani. Unaonekana mkono na nyundo. Magesa anaonekana mwili mzima, lakini yeye hakumgusa mtu wala kitu, hivyo polisi walimuuliza wakamwachia. Mkono wenye nyundo haukujulikana ni wa nani. Aliyejua ni dereva wa bodaboda, na yule aliondoka wiki hiyo kwenda machimbo mengine. Na Mama Wema alijua. Alinifahamu kwa mkono, alisema angenifahamu hata kwa kidole.

Baada ya hapo basi la kijani likaacha kusimama Katoro. Mengine yakafuata. Machache yaliyosimama, konda alitangaza kabla hayajaingia stendi, "Abiria, tunaingia Katoro, fungeni madirisha, shikeni simu zenu!" Nasikia vioo vikifungwa mfululizo, pa, pa, pa, kama mvua ya mawe kwenye bati. Wanawake zaidi ya thelathini, na fito zao, wamesimama chini ya vioo vilivyofungwa. Matobolwa yakarudi nyumbani. Karanga zikarudi nyumbani. Kuna waliokuwa wanasomesha watoto kwa dirisha hilo.

Wakamgeukia Mama Wema. Mtu akiumia lazima apate wa kumgeukia.

"Mama Jambazi, leo unakimbiza gari gani?"

"Msimguse, atapiga mwano, tuchinjwe!"

Bernadina, aliyeijaza ile chupa kwa mkono wake, naye alisema, "Mwenzangu, kwa chupa moja umetufunga midomo wote."

Na Muhidini, mwenyekiti wa stendi, akaja nyumbani. Muhidini ni mtu mzuri, mfanyabiashara wa mchele, baba yake alikuja kutoka pwani zamani. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Mama Wema, sikufukuzi. Lakini kaa nyumbani mpaka mabasi yarudi. Watu wakikuona pale wanakumbuka."

"Na yasiporudi?"

"Basi tutaona."

Alipoondoka Mama Wema akasema, "Nitayarudisha." Hakulia. Alikuwa amekaa stendi ile miaka kumi na tisa. Akaichukua chupa nyekundu, akaiosha, akaikausha, akaifunga kwenye kanga. Kesho yake akapanda hiace mpaka Ushirombo, nyingine mpaka Kahama, kwenye ofisi ya lile basi. Alikwenda peke yake.

Akarudi jioni, na chupa bado anayo. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua kandambili.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Meneja wao anaitwa Yasini. Ana adabu. Amenisikiliza. Nimemwambia habari ya chupa yote. Akasema, mama, chupa nimeiona, na wewe naona si mwizi. Niambie tu nani alivunja taa."

"Ukasema nini?"

"Nimesema simjui."

Yeye akaendelea.

"Akaniambia, unaona mama, ndiyo maana mji wenu unasemwa. Wote wema, na mhuni hamumjui. Baba Wema, nimeishi na mtu miaka arobaini na nne, leo nimesimama mbele ya watu nimesema simjui."

"Mimi si mhuni," nikasema. "Nilikuja kwa mwano wako."

"Najua."

"Nilitaka asimame."

"Najua. Sasa kamwambie hivyo Yasini."

Nikakataa. Nieleze ukweli, niliogopa. Mzee wa miaka sitini na nane, kuwekwa ndani kwa ujambazi, watu wakuone unateremshwa kwenye gari la polisi. Nikamwambia litapoa lenyewe, watu husahau. Hakubishana. Mama Wema kubishana hakukuwa kazi yake.

Lakini kesho yake asubuhi alinisalimia hivi, "Mwangaluka, Bwana Simjui."

Ndiyo salamu ya Kisukuma ya asubuhi, mwangaluka, na lazima uitikie. Nikaitikia. Mchana akaniandalia ugali, akaita, "Karibu chakula, Bwana Simjui." Jirani akaja kuomba moto, akauliza nipo, akamjibu, "Simjui yupo, anapumzika." Jirani akacheka, akadhani tunataniana. Siku ya kwanza nilicheka na mimi. Ya pili nilikasirika. Ya tatu nikaona aibu, maana kila akiniita vile aliniita kwa upole ule ule, chakula kile kile, hakupunguza hata kipande cha nyama.

Siku ya nne nikafunga nyundo kwenye gazeti. Nikamwambia, "Twende."

Akasema, "Vaa shati la kanisani, Baba Wema."

Tukafika Kahama saa tano. Yasini alikuwa mtu mnene, kofia nyeupe, anaandika huku anaongea na simu. Alipomwona Mama Wema akasimama.

"Mama wa chupa! Karibu tena. Na huyu mzee?"

"Huyu ndiye nisiyemjua," akasema Mama Wema.

Nikafungua gazeti, nikaweka nyundo mezani. Nikasema, "Taa nimevunja mimi. Nilikuwa nagonga bodi ili asimame, arudishiwe mama yule chupa yake. Sikulenga taa. Macho yangu hayaoni vizuri."

Yasini aliiangalia nyundo, akaniangalia mimi, akaangalia miguu yangu na katambuga zangu. Akamwita dereva. Dereva akaja, mrefu, mtu wa Moshi. Alipoiona nyundo akarudi nyuma hatua moja.

"Ndiyo hiyo! Bosi, ndiyo hiyo nyundo!"

"Ni ya viatu," nikamwambia.

"Mzee, mimi nitajuaje ni ya viatu? Naona watu mia mbili kwenye kioo, mmoja ana kisu na damu!"

"Magesa huyo," akasema Mama Wema. "Alikuwa anakata nusu kilo ya maini. Mteja aliyasubiri mpaka jioni."

Dereva akataka kukunja uso, ukamshinda, akacheka. Lakini Yasini hakucheka. Akauliza, "Watu mia mbili, kwa chupa moja ya chai?"

"Ulikuwa mwano. Angekuwa mtoto wangekuja mia tano."

"Mwano ninaujua, mama. Nimezaliwa hapa Kahama, mama yangu Msumbwa. Usiku wa wezi wa ng'ombe nilitolewa kitandani na mimi, na fimbo ndogo. Lakini abiria wa Dar es Salaam anaujua? Yeye anaona kisu tu."

Mama Wema akaegemea mbele. Alikuwa na tabia hiyo, akitaka kusema neno zito anasogea, na sauti inashuka.

"Na wewe unayeujua, ulipoiona ile video, ulimwambia nani?"

Yasini akaweka kalamu mezani.

"Uliujua mwano ukiuona, Bwana Yasini. Ukanyamaza. Mimi nikamficha mume wangu, nikanyamaza. Huyu mzee akajificha nyuma ya video. Aliyebaki kusema habari ya Katoro ni yule aliyeogopa, na yeye hasemi uongo, anasema alichokiona. Hatukumpa kingine."

Simu ikalia mezani, Yasini hakuipokea. Dereva alisimama mlangoni, kofia mkononi. Kisha Yasini akavuta daftari la tiketi, akatafuta tarehe, akamuuliza dereva kiti cha yule mama mwenye mtoto, akapiga namba iliyoandikwa, akaweka sauti ya wote kusikia. Akapokea mwanamke, jina lake Shamimu. Yasini akamwambia, dada, yupo hapa mama mmoja wa Katoro, amekuja mara mbili mpaka Kahama na chupa yako ya chai.

"Chupa ya maua?"

"Nyekundu," Mama Wema akasema kwa sauti, kama vile Shamimu yuko ng'ambo ya mto. "Chai niliimwaga, ingeharibika. Mtoto alikula?"

Shamimu akasema, "Bibi, wale watu wote… walikuwa wananiletea chupa?"

"Ndiyo mwanangu."

"Mimi nimewaambia watu wote mtaani kwetu kwamba nimeponea chupuchupu Katoro. Mpaka sala wamenisomea."

"Sala haipotei. Je, mtoto alikula?"

"Alikula Ushirombo, bibi."

"Vizuri."

Taa niliinunua, na mji wote ukajua nyundo ilikuwa ya nani. Yasini hakunipeleka polisi, akasema mtu aliyeleta nyundo mwenyewe kwa miguu yake hana haja ya kupelekwa. Dereva akaagiza katambuga, miguu yake ni mikubwa, ilibidi nitafute tairi la lori. Na basi la kijani likarudi kusimama Katoro, kwanza kwa majaribio ya wiki moja. Shamimu mwenyewe alipita nalo siku ya tano, akateremka na mtoto, akapokea chupa yake mbele ya watu, akakumbatiana na Mama Wema mpaka konda akagomba. Akajirekodi kwa simu, akasema mimi ndiye mwenye chupa, hawa si majambazi, akawatumia watu wake.

Lakini nisiseme kwamba mji ulisafishika siku hiyo. Ile video ya kisu ilifika Dar kwa siku moja. Hii ya chupa ilifika Runzewe, hapo jirani tu, ikachoka. Mpaka leo kuna watu wanaofunga vioo wakikaribia kwetu. Mama Wema hilo halikumsumbua. Aliwagongea kioo kwa fito, polepole, akawaonyesha mfuko, akatabasamu, mpaka wanafungua. Alisema dirisha moja moja yatafunguka yote, ni kazi tu kama kazi nyingine.

Kabla hajarudi kuuza, hata hivyo, ilibaki shughuli moja. Muhidini aliitisha mkutano stendi, asubuhi, kabla ya mabasi. Wanawake wote walikuwepo, bodaboda, wauza nyama, na mimi. Akasema mabasi yamerudi, tumshukuru Mungu, na ili yasiondoke tena anaweka sheria. Kuanzia leo mwano ni marufuku stendi. Wageni hawauelewi. Mtu akipotelewa na kitu aje ofisini kwake aandikishe.

Wengi wakaitikia. Hata Bernadina aliitikia. Nilimwona Magesa ameinamisha kichwa, naye anakubali. Watu walikuwa wamechoka kusemwa, na mtu aliyechoka kusemwa yuko tayari kuacha hata kizuri alichonacho.

Muhidini akamgeukia mke wangu. "Mama Wema, jambo hili lilianzia kwako, na umelimaliza vizuri. Sema sasa mbele ya watu kwamba hutapiga mwano hapa tena, na uchukue nafasi yako leo hii."

Nafasi yake ilikuwa pale, hatua tatu, kivuli cha meza ya Bernadina. Fito yake alikuja nayo. Nilijua anaitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote mjini. Nilijua pia kwamba kwenye mambo mawili hakuwahi kukubali shingo upande, la mazishi na la mwano. Nikamvuta kanga kidogo, nikamnong'oneza, "Kubali tu, yaishe." Akanitoa mkono.

Akasimama. Alisema maneno machache, watu wakacheka, Muhidini akacheka mpaka akafuta macho, na ile sheria haikutajwa tena siku hiyo wala siku nyingine. Mama Wema akaenda kwenye nafasi yake, akauza pale miaka mingine mitatu, mpaka wiki aliyougua. Watu wanapenda kuyarudia maneno yale, lakini wanayakata nusu, wengine wanaongeza yao. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Alisema hivi:

"Mwenyekiti, siku mjukuu wako akiteleza chini ya gari hapa, utaniangalia mimi mdomoni, na sitakuja ofisini kuandikisha. Mwano utapigwa. Wenye nyundo ndio wabaki nyumbani, na huyu wa kwangu awe wa kwanza."